Milango Mipya ya Jiko la Wifi

Mimi ni wifi yake, na mawifi hatujulikani kwa kusifiana. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwanamke aliyeolewa na marehemu kaka yangu ana jiko ambalo ukiingia unavua viatu bila kuambiwa, na kila mlango wa kabati uliomo humo ameuweka kwa mikono yake. Nitakusimulia, ila usinikatize.

Kwa kazi yeye ni fundi cherehani. Kanivalisha mimi, kavalisha watoto wa mtaa mzima sare za shule, na kaka alipofariki aliweka cherehani pale pale sebuleni akaendelea kushona. Ni mkaidi pia, haambiliki hasemezeki. Ukimwambia jambo fulani haliwezekani, basi umeshamtuma.

Balaa lilianzia kwenye bomba la sinki. Lilivuja muda mrefu, milango ya makabati ya chini ikanywa maji mpaka ikavimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na ya juu nayo, kwa uzee, ikaanza kubanduka. Siku moja, nami nipo pale jikoni, mwanawe mkubwa akaja kumsalimia mama yake. Akafungua kabati achukue glasi, mlango ukabaki mkononi mwake.

Akautazama mlango, akamtazama mama yake, kisha akayatoa yaliyokuwa moyoni. Nyumba imechoka, alisema, na mama naye apumzike. Mwezi ukiisha atamhamishia kwake, chumba cha uani kiko tayari, na hapa ataingia mpangaji. Aliyasema kwa upole. Yule mtoto ana moyo mzuri, sikatai, ila wema wake huja na amri, kama babu yake. Mama yake aliupokea ule mlango, akauegemeza ukutani, akammiminia chai.

Alipoondoka nilingoja kilio. Badala yake wifi alipiga magoti mbele ya kabati, akawa anagonga mbao za ndani kwa vidole, sikio kalibandika kwenye ubao. Nikamuuliza kama anatafuta panya. Akaniambia sanduku la kabati ni zima kabisa, kilichooza ni uso wake tu.

"Gauni zima halitupwi kwa sababu ya pindo," alisema. "Na mimi sihami kwa sababu ya mlango."

Hapo nikaelewa kwamba hapiganii makabati. Mwezi ukiisha na jiko liko vile vile, hatakuwa na la kumjibu mwanawe, ataishia chumba cha uani, cherehani chini ya kitanda, akiomba ruhusa ya kuchemsha maji. Nimewaona wazee wa namna hiyo. Wanapendwa, wanalishwa, na hawaulizwi neno.

Akamwita seremala wa mtaani. Seremala akatazama, akatingisha kichwa, akasema dawa ni kung'oa yote na kujenga upya. Wifi akamshukuru vizuri, kisha akamwomba amwazime msumeno na randa. Yule bwana alicheka, lakini alimwazima.

Basi maji umeyavulia nguo, utayaoga. Alibadilisha mpira wa bomba, uvujaji ukakoma. Akafungua skurubu za milango yote, akasugua masanduku kwa msasa mpaka sote wawili tukawa weupe kama tumetoka kusaga unga. Ndipo akachukua futi yake, ile ya kupimia watu viuno, akapima nafasi ya kila mlango, akaenda duka la mbao akakatiwa plaiwudi nzuri, yenye mistari ya mti inayopendeza.

Mlango wa kwanza tukaufunga bawaba, ukakaa. Wa pili ukagoma. Uligongana na mwenzake katikati, kama watu wawili wanaopishana kwenye uchochoro na kila mmoja kagoma kumpisha mwenzake. Tukajaribu wa tatu, mambo ni yale yale. Nikasema hawa wa dukani wametufanya wajinga, nikafunga kitambaa changu kichwani vizuri niende nikawape vidonge vyao. Wifi akanishika mkono. Uso ulikuwa umembadilika.

Alikuwa ameacha nafasi ya pindo. Vidole viwili kila upande, kwenye kila mlango, kama alivyofanya kwa kila nguo tangu ajue kushika mkasi. Kichwa kilikuwa kinapima mlango, mkono unapima gauni.

"Mbao hazikunjwi, wifi," alisema kwa sauti ndogo.

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nilipoinua macho nikaona mwenzangu hacheki. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, na akasema labda mtoto kasema kweli, labda kweli amechoka. Weee, hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia mwanamke aliyefumua gauni la bibi harusi asubuhi ya harusi, akalishona upya na bibi harusi akafika kwa wakati, hawezi kushindwa na ubao. Nguo ikiwa kubwa si hupunguzwa? Na kupunguza si ndiyo kazi inayomlisha? Akaniuliza msumeno nimeuweka wapi.

Akakata. Mimi kazi yangu ilikuwa kukalia ubao usitikisike, na mwili huu wangu unaosemwa kila siku siku hiyo ulipata faida. Mlango wa kwanza ulikwenda upande, akaunyoosha kwa randa. Wa pili ukawa afadhali. Jioni mikono ilimuuma hata kikombe hakishikiki, asubuhi akarudi kwenye msumeno. Tulipofika milango ya chini ya sinki, mstari wake ulikuwa umenyooka kama umepita kwenye mashine.

Vile vipande vyembamba vilivyobaki nilianza kuvikusanya nikavifanye kuni. Akanipiga kofi mkononi. Kumbe kulikuwa na jambo ambalo hatukuliwaza: katikati ya milango mipya ilionekana fremu ya zamani, imebabuka, ina madoa, na plaiwudi ya kuifunika hatuna. Akachukua kipande kimoja akakiweka juu ya fremu. Vidole viwili, upana ule ule. Basi mabaki ya pindo yakafunika fremu yote, kapaka gundi, kashikiza kwa misumari midogo kama anavyoshikiza kitambaa kwa pini. Kosa lake lilitutosha jiko zima.

Vanishi ilipokauka na vishikio vikakaa, nilijivuna utadhani nimekata mimi. Niliwaleta majirani mmoja mmoja kuja kuona. Seremala alipofuata msumeno wake alifungua mlango, akaufunga, akasema angemwajiri.

Mwezi ukaisha, mtoto akaja na gari la kubebea mizigo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Akaingia jikoni na maboksi ya kupakia vyombo, akasimama katikati. Akafungua mlango mmoja, ukajifunga taratibu bila kelele. Akafungua mwingine. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ukingo, akauliza ni fundi gani aliyefanya kazi hii. Nikamwambia fundi yuko mbele yako. Alidhani namtania, hadi alipoitazama mikono ya mama yake, ina michubuko na vanishi kwenye kucha.

Akayaweka maboksi chini. Mama yake naye hakumsaidia, alikuwa anapanga vikombe. Nilitamani kusema, nikaumeza ulimi wangu, na mimi kuumeza ulimi si jambo dogo. Mwishowe kijana akakohoa, akasema kwake nako makabati yamebanduka, mkewe kila siku analalamika, sasa kama mama angeweza kuja kuyaangalia.

Wifi alifunga kabati, akamgeukia.

"Uje unichukue Jumamosi asubuhi," alisema. "Na jioni unirudishe nyumbani kwangu."

Kijana akayakunja maboksi yake. "Sawa, mama," alisema, akatoka nje kumwambia dereva aondoke.