Kikombe cha Wifi

Pudentienne hakuwa mchoyo, shida ilikuwa maji. Kiangazi cha mwaka 1992, hapa Kabeza, bomba lilikoroma mara moja tu kwa juma, na madumu yake mawili yalipaswa kumfikisha Jumanne hadi Jumanne. Maji aliyooshea maharage alinawia miguu, ya miguu akapigia deki, machafu kabisa akaupa mgomba wa nyuma ya choo. Nilimtania kwamba mgomba ule unakula sabuni kuliko mimi jirani yake. Alicheka, halafu akatafuta la kuniuliza ili nisiondoke. Upweke ulimtafuna mjane yule.

Mumewe alikufa ghafla, kwa tumbo la siku mbili. Ndugu wa mume walizika wakaondoka, wakinong'ona kwamba mke ndiye anayejua alichomlisha. Miaka miwili hakuna aliyekanyaga kwake. Maneno yale yananiudhi hadi leo.

Kisha mchana mmoja wa Jumatatu, Spès, dada mdogo wa marehemu, akabisha hodi, midomo imempasuka kwa jua na vumbi. Mimi nilikuwa pale, nimekuja kuomba kaa la moto. Pudentienne alimkumbatia hadi nikaona haya kutazama.

"Wifi, niko na kiu sana," Spès alisema. "Nipe maji kidogo."

"Maji iko kidogo kweli, lakini yako haiwezi kukosa."

Aliinamisha dumu la mwisho, akajaza kikombe hadi ukingoni, akakishika kwa mikono miwili lisimwagike hata tone, akampa.

Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo mgeni anywe bila wasiwasi wa sumu. Pudentienne alilijua hilo tangu utotoni. Lakini kiangazi kizima alikuwa amejizoesha kujinyima kila funda, na funda lile alitaka wifi yake alipate. Nilimwona Spès akingoja. Nilipaswa kumkumbusha Pudentienne aonje, nikainamia kaa langu la moto.

Spès alikiweka kikombe mezani taratibu. "Nitakunywa siku ingine, wifi. Safari iko mbali." Akaaga, akawahi basi barabarani.

"Mbona amekataa?" Pudentienne aliniuliza. Kabla sijajibu, uso ukambadilika. Alikikwapua kikombe akakimbilia barabarani, maji yakimlowesha kitenge, akimwita Spès kwa jina. Basi lilikuwa limeshaondoka naye. Akasimama katikati ya vumbi, akayanywa yaliyobaki yote, polepole, uso ameuelekeza lilikokwenda basi. Aliyemwona akinywa ni mimi peke yangu.