Mgonjwa Niliyemkosa Mapigo

Haya niliyaona kwa macho yangu, saa nane mchana, jua likiwaka, nikiwa nimeshiba ugali wangu wa muhogo. Usije ukaniambia nilikuwa naota. Fomu niliyoijaza ipo mpaka leo.

Nilikuwa mwaka wa pili kwenye chuo cha serikali cha tiba asili na tiba mbadala, hapa Kasulu, nikisomea homiopathia, ile tiba ya dawa za dozi ndogo mno, katika hospitali yake ya mafunzo. Watu hutucheka kwamba kazi yetu ni maneno tu. Wacheke. Sisi mgonjwa tunamsikiliza saa nzima, hatumkatizi wala kumgombeza, na tunaandika tulichokikuta, si tulichotegemea kukikuta. Hilo najivunia, na sitaacha kujivunia.

Siku hiyo wodi ya watoto ilikuwa na msichana wa miaka minne kutoka Titye. Alikuwa akitapika tangu alfajiri, mwili umelegea, na madaktari hawajui kimempata nini. Walimuuliza mama yake hata mara tano, naye akajibu lile lile, kwamba mtoto hajala kitu kibaya.

Mimi nilikuwa peke yangu chumba cha mahojiano. Akaingia bibi mmoja aliyejifunga kitenge cha kijani, akainama kidogo na kupiga makofi taratibu, kama wanavyosalimu watu wazima wa kwetu.

"Mwiriwe, mwana wanje." Yaani, habari za mchana, mwanangu.

"Shikamoo, bibi. Karibu ukae. Unasumbuliwa na nini?"

"Si mimi. Ni mjukuu wangu, yuko wodini. Mama yake kamnywesha dawa ya mizizi, ya minyoo, kikombe kizima. Anaogopa manesi watamgombeza. Andika."

Nikaandika. Nikamuuliza jina, akanitajia. Kisha nikamshika mkono kupima mapigo, maana fomu yetu hairuhusu kuruka kipengele. Sikuyapata. Nikahamia mkono wa pili, wapi! Unadhani nilikimbia? Niamini, niliona aibu tu. Mwaka wa pili mzima, na mapigo yananishinda? Nikajaza: "Mapigo: sikuyapata." Nilipoinua macho kiti kilikuwa kitupu, na mlango, ambao ulikuwa mbele yangu, haukuwa umefunguliwa tena tangu aingie.

Hapo ndipo nilipokimbia, lakini kwenda wodini, fomu mkononi. Nilimsomea yule mama polepole, bila kumgombeza. Nilipofika kwenye jina la bibi, akakaa sakafuni.

"Huyo ni mama yangu," akasema. "Tulimzika Mtabila, kabla kambi ya wakimbizi haijafungwa."

Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa chupa ya ile dawa na kumpa daktari. Matibabu yakabadilishwa palepale. Kesho yake jioni mtoto aliomba uji.

Mwalimu wangu hakunicheka. Aliitia fomu ile sahihi yake, na kila mwaka wanafunzi wapya husomewa. Mimi sasa ni mtumishi wa hospitali hiyo hiyo, na kila nikishika mkono wa mgonjwa, kabla sijalisikia pigo la kwanza, jasho hunitoka. Siwezi kukuficha, naogopa.

Kwa hiyo wewe unayeleta mgonjwa, sema ulichompa, hata kama ni majani uliyochuma nyuma ya nyumba. Hatutakugombeza. Bibi yule ilimbidi atoke kaburini kuja kusema neno ambalo binti yake angeweza kulisema akiwa amekaa kitandani kwa mtoto. Na si kila mtoto ana bibi wa namna hiyo.