Minyoo wa Tangi la Baba

Baba alipopatwa na kiharusi tulimtoa nyumbani kwake magharibi mwa nchi tukamleta kwangu Jericho, Nairobi. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na hospitali, na nyumba yangu haina ngazi. Mtaa haukumtisha. Ujana wake aliula hapa hapa Nairobi akifanya kazi ya reli. Kilichomtisha ni mwili wake mwenyewe. Mkono wa kulia ulilala kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akibebe, na maneno, ambayo zamani yalimtoka kama maji ya bomba, yakakataa kuja.

Mimi nimepewa jina la mama yake. Kwa hiyo tangu nikiwa mtoto mchanga Baba huniita Mama. "Mama, niletee maji." "Mama, umefunga mlango?" Wageni walikuwa wakicheka kumsikia mzee wa watu akimwita msichana mdogo hivyo. Alipotoka hospitalini alikuwa akinitazama tu. Nilijua ananitambua, kwa sababu macho yalinifuata jikoni na kurudi, lakini hakuniita. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamkatia kucha, na kila nilipomaliza nilingoja neno hilo moja. Halikuja.

Kazi yangu ni kushona mapazia. Nina chumba cha kazi Shauri Moyo, na wateja wangu wengi ni ofisi za mjini. Mmoja wao alikuwa daktari wa meno ambaye sebuleni kwake, pale wagonjwa wanapongojea, aliweka tangi la kioo la maji ya chumvi. Ndani yake mlikuwa na matumbawe hai yaliyofunguka kama maua, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Nilipokwenda kumshushia mapazia aliniambia anafunga, anahamia nchi nyingine, na hajui tangi atampa nani.

"Mama, wewe nyumbani una nafasi?" akaniuliza kwa mzaha.

Nilimfikiria Baba akitazama ukuta tangu asubuhi. Nikasema ninayo.

Daktari alinifundisha kwa haraka: chumvi inavyochanganywa na maji, taa iwake saa ngapi, pampu isizimwe. Tulilisafirisha kwa pikapu, maji yake kwenye mitungi, matumbawe kwenye ndoo zilizofunikwa kwa taulo. Majirani walitoka kutazama. Kijana mmoja aliyekuwa akiosha pikipiki alisema, "Auntie, hiyo supper ni ya wiki mzima," na watu wakacheka. Kaka yangu hakucheka nilipompigia simu. Alisema mgonjwa anahitaji mazoezi, si mapambo.

Lakini Baba alibadilika siku ile ile. Nilimwekea kiti mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiegemea mbele. Nilimpa kopo la chakula cha samaki alishike kwa mkono wa kushoto. Akajifunza kulitikisa taratibu, na samaki wakajifunza kumfahamu, wakawa wanapanda juu wakimwona tu akisogea. Nilikuwa nikienda kazini nikiwa na moyo mwepesi. Jirani yangu alimchungulia kila adhuhuri na kumpashia chakula.

Huyo jirani ni lazima nimweleze, maana bila yeye hadithi hii isingekuwepo. Ni Msomali, mzaliwa wa Nairobi, anauza vitambaa kwa jumla, na mapazia yangu mengi yameanzia dukani kwake. Wazazi wake walikimbia vita wakaanza upya hapa na godoro moja. Labda ndiyo sababu haulizi mara mbili mtu akiwa na shida. Ufunguo wa nyumba yangu aliuchukua mwenyewe msumarini, akasema, "Huyu ni mzee wangu pia, usijisumbue."

Miezi ikapita. Jioni moja nilikuwa nakata kitunguu jikoni nikasikia sauti nzito, ya kukwaruza, kutoka sebuleni.

"Mama."

Kisu kiliniponyoka. Nilidhani masikio yananidanganya. Sauti ikarudia.

"Mama. Mi... minyoo."

Nilikimbia. Baba alikuwa amegusa kioo kwa kidole cha kushoto. Mimi sikutazama kioo, nilimtazama yeye. Nilipiga magoti nikamshika uso, nikalia, naye akakunja uso kwa hasira kwa sababu nilikuwa namziba asione. Akanisukuma kwa kiwiko. "Minyoo!" akasema tena, wazi kabisa, kama anayeshangaa jinsi binti yake alivyo mzito wa kuelewa.

Ndipo nikatazama. Juu ya mwamba, kando ya matumbawe, kulikuwa na vitu vidogo vyembamba vya rangi ya kutu, kila kimoja kikubwa kama punje ya mchele iliyopondwa ikawa bapa. Vilitambaa. Nilikuwa nimeona uwekundu ule wiki nzima nikadhani ni uchafu tu.

Kwa muda mfupi minyoo hao walizidi kupita kiasi. Walifunika mwamba kama vumbi la matofali, wakapanda juu ya matumbawe, nayo yakaanza kujifunga, yasifunguke hata taa ikiwaka. Baba alikosa raha. Hakutaka kula. Nilikwenda mjini kwenye duka la vifaa vya samaki, na muuzaji akanionyesha kichupa cha dawa. "Matone machache tu, kesho wote wamekufa," akasema. Nilirudi nacho nyumbani nikakiweka juu ya meza.

Jirani alikikuta hapo alipoleta anjera, mikate yao laini ya maji.

"Hii ni nini?"

"Ya kuua minyoo wa tangi."

"Ngoja kwanza," akasema. "Usitie kitu. Nina binamu Mombasa, kazi yake ni hizi hizi samaki za mapambo. Tumuulize."

Akampigia papo hapo, akaiweka simu mezani sauti ikiwa juu. Binamu yake alikuwa mtu wa pole pole, wa kuuliza mambo. Aliuliza rangi ya minyoo, aliuliza kama nyuma wana kijimkia kilichopasuka, aliuliza maji yanazunguka kwa nguvu gani.

"Dawa itawaua, ni kweli," akasema. "Lakini minyoo hao wana sumu mwilini. Wakiwa wengi hivyo wakafa kwa pamoja, sumu yote inabaki majini. Asubuhi mtawakuta samaki wamelala ubavu. Kwanza wapunguzeni kwa mkono. Mchukue kimpira chembamba cha kupitisha maji, muwafyonze kidogo kidogo. Halafu nitawatafutia samaki anayewala. Na jambo jingine: minyoo hawazidi hivyo bila chakula kingi kubaki majini. Huko nani anawalisha samaki?"

Mimi na jirani tukatazamana. Ndipo Baba, kwenye kiti chake, akainua mkono wa kushoto taratibu kama mwanafunzi darasani.

"Mimi," akasema.

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikacheka. Kule Mombasa binamu akacheka. Na Baba, mdomo wake ukiwa bado umepinda upande mmoja, akacheka pia, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue.

"Mzee," binamu akasema, "samaki wale mara moja kwa siku, kidogo, na wakikuomba ukatae."

"Wanaomba sana," Baba akajibu. Maneno mawili mazima, kwa mkupuo mmoja.

Kesho yake nilileta kimpira na ndoo. Nilinuia kufanya kazi hiyo mwenyewe, lakini Baba alinyoosha mkono akataka kushika. Kwa mkono wa kushoto hakuweza kukiongoza kimpira na kukibana kwa wakati mmoja. Akakiangalia. Kisha akauchukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya ukingo wa tangi, akakilaza kimpira kati ya vidole. Vidole vilijikunja. Kwa shida, kwa kutetemeka, lakini vilijikunja.

Binti wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija nyumbani alimwachia mpira laini wa kubinyabinya, na Baba alikuwa akiuficha chini ya mto. Alipoambiwa inua mkono, aliugeuza uso. Sasa mkono ule ule alikuwa akiuinua bila kuambiwa na mtu, kila asubuhi, kuwafuata minyoo mwamba hadi mwamba. Ulikuwa ukichoka haraka. Aliupumzisha mapajani, akausugua, akaurudisha. Binti wa mazoezi alipokuja akamkuta hivyo, alikaa karibu naye akiutazama ule mkono, halafu akasema, "Leo mimi sina kazi hapa." Akanisaidia kubeba ndoo.

Minyoo walipungua lakini hawakuisha. Tulipowatoa upande mmoja walitokea mwingine. Ndipo samaki akaja. Binamu alimtuma kwa basi la usiku, ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa hewa na kuwekwa kwenye boksi jepesi la povu gumu la plastiki. Jirani alikwenda kumpokea kituo cha basi alfajiri kabla ya kufungua duka. Samaki mwenyewe alikuwa mdogo kama kidole changu, zambarau, na mistari ya rangi ya chungwa tangu kichwani hadi mkiani.

"Huyu ndiye?" nikauliza. Nilitarajia kitu chenye meno.

Tuliuacha mfuko wake uelee majini mpaka joto lisawazike, tukamfungulia. Akapotea papo hapo ndani ya tundu la mwamba. Siku hiyo hakutoka. Ya pili hakutoka. Kaka yangu alipopiga simu nilimwambia tu samaki yuko salama, ingawa sikuwa na hakika. Baba hakuwa na wasiwasi. Alikaa mbele ya kioo akingoja.

Nilikuwa kazini, miguu kwenye cherehani, simu ilipolia. Ilikuwa namba ya jirani, lakini sauti iliyokuja haikuwa yake.

"Mama," Baba akasema. "Amekula."

"Amekula nini, Baba?"

"Mnyoo. Amemvuta... hivi." Akatafuta neno. Nilimsikia jirani nyuma yake akitaka kumsaidia, naye akamkatiza. "Kama mkunde. Amemvuta kama mkunde shambani."

Nilisimamisha cherehani, nikafuta macho. Wanawake wa chumba cha pili waliniuliza kama kuna msiba, nikawaambia hapana, samaki wa Baba amekula. Sijui walinielewa vipi.

Samaki yule aliufanya mwamba kuwa shamba lake. Alikuwa akiinamisha kichwa, akitazama kwa jicho moja, kisha la pili, halafu anadona. Uwekundu ulifutika polepole, matumbawe yakafunguka tena. Siku moja niliona minyoo wachache kwenye kona, nikachukua kimpira. Baba akanizuia.

"Waache," akasema. "Naye atakula nini?"

Hao wachache wapo mpaka leo, na sijawahi kuwapunguza. Baba sasa anazungumza polepole, na akichoka maneno hukatika. Mkono hauna nguvu ya zamani, lakini hufunga vifungo vya shati na kwenda na fimbo hadi soko la Jericho kununua mboga ya sukuma. Madaktari walifanya sehemu yao, nami nawashukuru. Nawashukuru pia daktari wa meno, jirani yangu, na mtu wa Mombasa aliyeuliza kabla ya kujibu. Na nikiwa peke yangu sebuleni hushukuru kwa ajili ya minyoo wenyewe. Najua ni shukrani ya ajabu.

Mwaka huu binamu yule alikuja Nairobi kwa arusi ya ndugu yake, na jirani akamleta kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru kwa hotuba, lakini alipoingia salamu tu zikanishinda, nikaenda kuweka chai. Niliporudi, Baba alikuwa amemwelekeza kukaa upande wa kushoto wa tangi, kwa sababu ule wa kulia dirisha linang'aa kwenye kioo huwezi kuona kitu. Wanaume hao wawili walikuwa wameinama bega kwa bega, mmoja akiuliza, mwingine akitafuta maneno yake bila haraka. Niliweka vikombe mezani. Chai ilipoa hakuna aliyeigusa, nikaenda kuweka nyingine.