Skrubu Haizibi Mpasuko

Ipo siku moja ya kijijini kwetu Tindiga ambayo nikiikumbuka, mwanangu, siikumbuki kwa upole. Wazee wenzangu huwasimulia vijana mambo ya zamani huku wakitabasamu. Mimi hili siwezi. Miaka yote hii nimetengeneza pikipiki hapa Mikumi, na kila kijana anayenijia akisema, "Shikamoo babu, nifungulie mafuta kidogo, inakohoa," namwitikia marahaba huku moyo unanichemka. Hujui kwa nini inakohoa, lakini dawa umekwisha kuijua. Nani kakuambia shida ni mafuta?

Kabureta kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa, kama mama anavyochanganya maji na unga. Maji yakizidi ni uji, unga ukizidi ni mabonge. Pembeni yake kuna skrubu ndogo ya kupimia mchanganyiko huo. Petroli ikizidi, moshi unakuwa mweusi na plagi inajaa masizi. Hewa ikizidi, injini inapata joto la hatari na plagi inakuwa nyeupe. Ikiwa sawa, plagi ina rangi ya kahawia na injini inanguruma bila kubabaika. Mtu mwenye subira anajifunza hayo kwa siku moja. Lakini skrubu hiyo inapima tu. Haizibi kitu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipohamishwa kutoka mashambani kwetu tukakaa pamoja. Kijiji chetu kilipata pikipiki moja kuukuu ya kupeleka wagonjwa na kuchukua dawa Kilosa. Nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa nilijifunza ufundi kidogo kwenye karakana ya shamba la mkonge. Ilikuwa mali yetu sote, na kitu cha wote, mwanangu, kina maneno mengi.

Mwaka uliotangulia, kijana mmoja aitwaye Saidi alikuwa amevunja plau ya kijiji kwenye kisiki. Alikuja mwenyewe jioni ile ile, kipande kilichovunjika mkononi, akasema nimeivunja. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini siku ile hakuna aliyewakumbuka wahenga. Mkutano uliitwa, Saidi akasimamishwa mbele, akaitwa mhujumu. Vijana tulimzomea, na mimi nikiwamo. Haukupita muda akaondoka kwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya miwa, na hakurudi.

Sasa nikuambie habari za Mrisho. Huyu alikuwa muuzaji wa duka la kijiji, tena shemeji yake mwenyekiti. Aliomba pikipiki aende nayo harusini Mikumi, akapewa. Njiani aliteleza akaanguka, na ule mpira unaounganisha kabureta na injini ukapasuka. Hewa ikawa inaingia pasipotakiwa, injini ikaanza kukohoa na kuzimika. Angenieleza, ningekwenda Kilosa kutafuta mpira mwingine, na habari ingeishia hapo. Hakunieleza. Aliufunga mpasuko kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akapaka tope juu yake, kisha akachukua bisibisi na kuifungua ile skrubu ili petroli iwe nyingi, ifunike ile hewa iliyokuwa ikiingia. Injini ikatulia. Akaifuta vumbi, akanirudishia, akanishukuru kwa mikono miwili. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye.

Asubuhi iliyofuata dada yangu Zuhura alikuja mbio na mwanawe Athumani mgongoni. Mtoto alikuwa na homa kali na degedege imemkamata. Niliwapakia, nikapiga kiki, injini ikaitika mara moja. Nilisikia harufu ya petroli imezidi kidogo, lakini ni nani mwenye nafasi ya kunusanusa mtoto akiwa katika hali ile? Tukaondoka.

Tulipofika katikati ya mbuga, kijiji kimebaki nyuma na Kilosa bado mbali, joto la injini lililainisha ile tyubu ikafunguka. Hapo skrubu haikuweza tena kumficha mtu. Injini ikavuta hewa tupu, ikapiga makelele, ikapata joto kupita kiasi, na pistoni ikang'ang'ania ndani. Niliinama nikaona mpira umepasuka na kipande cha tyubu kinaning'inia. Mtu mwingine pekee aliyekuwa ameichukua ile pikipiki alikuwa Mrisho. Nilitukana, mwanangu, matusi ambayo dada yangu hakuwahi kuyasikia kinywani mwangu. Nikakitia kile kipande mfukoni, nikamchukua mtoto begani, tukatembea juani mpaka tulipokutana na mtu wa baiskeli aliyekubali kumpakia mtoto na mama yake.

Waganga wa hospitali kule Kilosa walimpigania, Mungu awalipe. Athumani alipona. Lakini homa ile iliondoka na masikio yake. Kama tungewahi angesikia? Sijui, na hakuna aliyeweza kuniambia. Huko kutojua ndiko kunakonikera hadi leo. Zuhura alikuwa akimwita mwanawe pale uani, na mtoto anaendelea kucheza na vijiti vyake, amempa mama yake mgongo.

Mkutano ukaitwa. Na nani akasimamishwa mbele? Mimi, kwa kuua injini ya kijiji. Mrisho kakaa benchi la viongozi. Nilitoa kile kipande cha tyubu nikakiweka mezani, nikaeleza nilikokikuta. Mwenyekiti akamgeukia shemeji yake, na Mrisho akaanza kulia.

"Niliogopa, ndugu zangu," alisema. "Niliona mlivyomfanya Saidi."

Nilimrukia. Nilimkamata shati, na ningemuumiza, maana watu walikuwa wakinihimiza nimpige. Ndipo aliposimama Bi Mwajuma, mama yake Saidi. Tangu mwanawe aondoke hakuwa amefungua kinywa mkutanoni. Mara nyingi alizungumza Kisagara, lakini siku ile alisema Kiswahili ili kila mtu amwelewe.

"Mwanangu aliwaletea ukweli mkononi, mkamfukuza nao," alisema. "Huyu amewaficha, mkampa benchi la mbele. Mnashangaa nini? Mmekifundisha kijiji kizima kuficha, na aliyelipa ni mtoto asiyejua hata plau ni nini."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe mwachie huyo. Siku ya Saidi ulizomea kuliko wote. Sauti yako naijua."

Niliachia shati. Bi Mwajuma akajifunga kanga yake akaenda zake, na mkutano ukavunjika wenyewe, mmoja mmoja, bila mtu kuagana na mwenzake.

Unadhani hasira ilinitoka? Haikunitoka. Mrisho alikuja nyumbani kuniomba radhi, nikampa mkono, lakini nilichelewa sana kumpa na moyo. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mwenyekiti, na zaidi ya hao nilimkasirikia yule kijana aliyezomea kuliko wote. Athumani sasa ni mtu mzima, mkulima hodari wa mpunga. Nikifika kwake lazima nimguse bega ndipo ajue nimekuja.

Basi shika haya, mwanangu, na ukiona nimekaripia, nivumilie. Pikipiki ikikohoa usikimbilie bisibisi. Kagua mpira, kagua kichujio cha hewa, tafuta panapovuja upatengeneze kwanza. Injini ikishapata moto ndipo uiguse skrubu, taratibu, ukisikiliza. Wanaofanya kinyume chake wananiudhi, maana hawatengenezi, wanaficha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na zipo kuta zisizojengeka tena.

Ukivunja kitu cha watu, sema siku hiyo hiyo, kabla hakijabebeshwa mtu mwingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ubaya wake ni kwamba mara nyingine kinachokuja humpita mfichaji, kikamwangukia asiyeficha lolote.

Hiyo ni nusu, na ni nusu nyepesi. Nayo nusu nzito ni hii: ipo siku nawe utakuwa mkubwa wa watu. Utakuwa na pikipiki zako, vijana wako, watoto wako. Atakuja mmoja anatetemeka, kilichovunjika kiko mkononi mwake. Hapo imeze hasira yako, hata kama inakuchoma koo. Mshukuru kwanza kwa kukuambia, mengine yatazungumzwa baadaye. Ukimzomea huyo, wa pili hatakuja kwako. Atakwenda kununua bisibisi.

Nenda salama, mwanangu. Mola akuepushe na ajali za barabarani na za moyoni. Akupe ulimi wa kusema mapema, na akupe uso ambao mwenye kosa hataogopa kuujia.