Jaketi Nililovua Kwenye Hitima ya Babu

Mkasa huu nimemficha hata mama yangu, na ninyi mkicheka nitawaelewa, ila mimi mwenyewe bado sijaweza kuucheka.

Nilikuwa mlezi wa ndama wa tembo katika kituo kimoja upande wa Handeni. Ndama mwenyewe, Semeni, alizaliwa palepale bandani, mama yake akamkataa, kila akisogea kunyonya anapigwa teke, basi tukawa tunamnywesha sisi kwa chupa, kwa zamu. Sharti lilikuwa kila mlezi avae buti za mpira na koti zito la kijivu, tena makoti yenyewe tunapokezana. Mimi (digrii ilikuwa bado mbichi) nikauliza kwa nini.

"Koti si la kukukinga wewe, kijana," alisema Mzee Mhando, mkuu wetu. "Linamkinga yeye. Akizoea harufu ya mtu mmoja, siku huyo mtu hayupo, hanywi."

"Nani amethibitisha, mzee?"

Akaenda zake kukoroga maziwa. Nikalitundika koti, nikawa navaa jaketi langu jekundu la chuo, na Semeni akanipenda, ananifuata kila niendako, anatia mkonga mfukoni, nami nikaona hoja nimeshinda.

Ikaja hitima ya babu, kule Mashewa. Nikaomba ruhusa, nikaondoka na jaketi lilelile kwa sababu ya mvua, na nilipofika nikazima simu kwa heshima ya marehemu. Mkekani wazee wakawa wanajisogeza pembeni, nikadhani wanampisha msomi (pua yangu ilishazoea mavi ya tembo na maziwa yaliyochacha).

Siku ya pili, dua inaendelea, Rajabu, mlezi mwenzangu, akashuka kwenye bodaboda, amelowa chapachapa.

"Semeni hajanywa tangu uondoke. Amelala, kuinuka hawezi."

Nikaruka. "Twende!"

"Wewe baki na msiba wako. Mzee anataka jaketi."

Hata shehe alikatisha dua. Nikalivua mbele ya ukoo mzima, nimesahau kwamba ndani nina singlendi tu, imetoboka mgongo wote. Mjomba akanitupia shuka.

"Jisitiri, msomi. Angalau sasa tutavuta pumzi."

Nikaketi, nimejifunika shuka. Nilimwombea babu, na Mungu anajua, nilimwombea zaidi yule tembo.

Semeni alikunywa jioni ile, Mzee Mhando akiwa amejibana ndani ya jaketi langu. Niliporudi nilimkuta ndama mbavu zinahesabika. Wenzangu wakawa wanalivaa jaketi kwa zamu juu ya makoti yao, wiki baada ya wiki, mpaka harufu yangu ikafifia. Mimi nikapewa koti la kijivu, na bandani nisiingie kwanza. Siku niliyoruhusiwa tena bandani, Semeni alininusa, akanipita, akaifuata chupa ya Rajabu. Iliniuma sana, na ndivyo ilivyotakiwa iwe.

Kuuliza sijaacha. Ila siku hizi nauliza nikiwa nimeshavaa koti.