Maini Niliyokula Mbele ya Koplo

Daktari alinikata zaidi ya nusu ya tumbo. Vidonda vilikuwa vimelitoboa, ndivyo nilivyoambiwa, nami sikuwa na njia ya kuhakikisha. Nilipopata nguvu ya kusema niliomba nionyeshwe nyama waliyoiondoa. Dresa aliyekuwa akinifunga bendeji alicheka.

"Unaitaka ya nini? Kuizika?"

"Kuiona tu."

"Ilishatupwa. Wewe shughulika na iliyobaki."

Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nilikuwa nimekwenda huku na huko: utingo wa lori la mbao, mchunga ng'ombe wa Wazungu, mvuta mivukuto kwa mhunzi. Katika kuzurura huko nilijifunza kwamba mtu akikukataza kutazama kitu, ana sababu yake. Kwa hiyo dresa sikumwamini sana. Lakini maagizo yake niliyashika, maana aliyarudia kila alipobadilisha bendeji. Tumbo langu sasa lilikuwa dogo kama ngumi ya mtoto. Nile kidogo kidogo, mara nyingi. Nianze na chakula cha kujenga mwili, hiki ambacho siku hizi kila mtu anakiita protini: yai, maini, maziwa ya mgando, maharagwe yaliyomenywa. Viazi na ugali vije mwisho, kama nafasi bado ipo. Nitafune mpaka kiwe uji. Nikimeza haraka nitatokwa jasho, moyo utanienda mbio, nitaanguka. Na nisipopata cha kutosha, mshono hautashika na miguu itajaa maji.

"Wagonjwa wetu hawafi hapa," aliniambia siku ya kuondoka. "Wanafia nyumbani, mbele ya sahani ya viazi."

Nilipanga chumba Gatitu, kwa mama mmoja mjane aliyeuza maharagwe na mahindi. Nilipata kazi nyepesi mjini Nyeri, kuchambua misumari katika duka la vifaa. Mshono ulikuwa bado unatoa maji. Kila asubuhi nilibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole nione kama shimo linabaki. Lilibaki.

Maini niliyanunua kwa muuza nyama wa Majengo, na mayai sokoni. Mama alinichemshia. Nilikula vipande viwili vitatu, nikavifunga vingine katika jani la mgomba, nikatia mfukoni pamoja na mayai, nikaondoka na chupa ya maziwa. Alinitazama kila siku. Halafu siku moja akasema.

"We kijana, hii chakula inaenda wapi?"

"Tumboni, mama."

"Tumbo gani? Mtu akikula ananenepa. Wewe unatoka hapa na mayai kama mama kuku, unarudi umekonda kuliko jana. Ati tumboni!"

"Nilikwambia nimepasuliwa."

"Mimi sikukuwa huko ukipasuliwa."

Hakuwa mtu mbaya. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikiwasaka wapiganaji waliojificha msituni. Mwanamke hakubeba kikapu cha viazi bila kuulizwa anakwenda kumlisha nani. Nyumba iliyoshukiwa kutoa chakula kwa watu wa msituni iliweza kuchomwa, na mwenyewe akachukuliwa usijue amepelekwa wapi. Mimi nilikuwa mtu wa kuja, kutoka magharibi, nikadhani mambo hayo hayanihusu. Hata hivyo nami nilianza kushuku. Maziwa niliyaona mepesi. Maini niliyoyaacha chunguni niliyakuta yamepungua, au niliona hivyo. Nilipobonyeza mguu na shimo likabaki, nilijiuliza ni nani anayekula chakula changu.

Kati ya Gatitu na mjini palikuwa na kizuizi: magunia ya mchanga, boriti iliyolazwa barabarani, na askari wachache. Walizoea kuniona, wakanipitisha kwa kuinua kidevu tu. Asubuhi moja yenye ukungu koplo wao aliinuka nilipokaribia. Kwa matamshi yake nilijua ametoka upande wetu.

"Ndugu," aliniambia, "sisi ni wa upande mmoja. Ndiyo maana nakuuliza kwanza kwa mdomo. Mfukoni uko na nini?"

Nilitoa vyote nikavipanga juu ya gunia: mayai, jani la maini, chupa. Askari wakasogea. Mmoja wao, mnene mwenye koti lisilofungika vifungo, alilifunua jani na kunusa.

"Afande, huyu anakula kushinda DC."

"Hii ni chakula ya mtu mmoja?" koplo aliuliza.

Nilimweleza habari ya tumbo. Hakuonyesha kusadiki wala kukataa. Nikafungua shati nikamwonyesha mshono, nikidhani nimemaliza maneno. Kumbe nilikuwa nimeyaanzisha. Aliinama akautazama kwa karibu sana.

"Hapa ilitoka risasi," alisema.

"Ilitoka nyama, afande."

"Nyama! Na nani alikushona? Msituni pia kuna washonaji." Alikaa juu ya boriti akaweka bunduki mapajani. "Sawa. Kama chakula ni yako, kula. Yote, sasa hivi. Chakula ya mtu haimwogopeshi mwenyewe."

Nilielewa mara moja nilivyonaswa. Nikikataa, nitakuwa mpishi wa msituni, au chakula kina sumu. Nikila yote kwa mara moja, nitaanguka, na watasema ni sumu hiyo hiyo. Nilitafuta njia ya tatu nikaiona moja tu: kula kama nilivyoagizwa, na kuwaacha watazame.

"Naomba nikae," nilisema.

Nilikaa chini, nikachukua kipande cha ini, nikatafuna. Nilitafuna mpaka wakaanza kucheka.

"Huyu anacheua! Ng'ombe ya wapi hii?"

"Meza, bwana! Unalibembeleza?"

Nilimeza. Nikala nusu ya yai, nikatulia, nikamaliza nusu nyingine. Kisha nikasikia pale chini ya mbavu pamekaza, dalili ya kwamba mlango umefungwa.

"Nimeshiba," nilisema.

Kicheko kilichotoka kiliwafanya wanawake waliokuwa wakingoja kupekuliwa wageuke. Koplo peke yake hakucheka.

"Mwanaume mzima ameshiba na yai moja?"

"Nipe muda, afande. Kila baada ya kitambo nitakula tena. Nichunge hapa hata kutwa nzima."

"Mimi si yaya yako." Alimenya yai la pili mwenyewe, kwa vidole vyeusi vya mafuta ya bunduki, akanisukumia mdomoni. "Meza."

Nilimeza. Na la tatu pia, na maziwa juu yake. Sikungoja sana. Jasho lilinitoka kana kwamba nimemwagiwa ndoo, moyo ukaanza kugonga mbavu, ukungu ukageuka mweusi. Nilijikuta nimelala ubavu, shavu kwenye udongo baridi, nikiona viatu vyao vikirudi nyuma. Walikuwa wakiondoka karibu na lile jani la maini.

"Sumu!" mmoja alipiga kelele. "Chakula iko na sumu! Ilikuwa ya kutumalizia sisi!"

Nilisikia bunduki ikikokiwa. Nilitaka kusema, ulimi haukuinuka. Hapo ndipo niliposikia sauti nyingine, nyembamba ya hofu, ikimwita Mungu kwa lugha ya kwao. Ilikuwa ya yule mnene. Alikuwa amepiga magoti kando ya barabara, kidole kooni, akijaribu kutapika.

"Wewe nini tena?" koplo aliuliza.

"Afande, mimi nilikula."

"Ulikula nini?"

"Maini. Vipande vitatu. Wakati mlikuwa mnamwangalia tumbo."

Wote walimgeukia, wakamzunguka, wakamtazama vile walivyokuwa wakinitazama mimi. Mmoja alimshika mkono kusikiliza mshipa. Mwingine alimwuliza kama anaona giza.

"Naona njaa tu," alijibu, akilia.

Walingoja. Mimi nililala pale nikitweta, yeye akapiga magoti pale akingoja kufa, na hakufa. Mimi jasho lilinikauka taratibu, nikaweza kuketi. Yeye alibeua. Hapo askari wote walicheka tena, isipokuwa koplo, aliyekuwa akinitazama mimi, kisha jani, kisha mnene, kama mtu anayepiga hesabu asiyoipenda.

"Basi ugonjwa ni wako," aliniambia mwishowe. "Si wa chakula."

"Ndivyo nilivyosema, afande."

"Kusema kila mtu anasema." Aliinuka. "Kuanzia kesho chakula yako utakulia hapa, mbele yangu. Hakuna kitu inapita na mfuko. Na wewe," alimgeukia mnene, "ukigusa tena maini ya watu, nitakupeleka msituni mwenyewe ukawaombe."

Nilirudi Gatitu jioni kabla ya kafyu. Mama alikuwa akipepeta maharagwe mlangoni. Alipoona nimeingia kwa miguu yangu alishusha ungo.

"Wamekuachilia?"

"Ulijua wamenikamata?"

Hakuyaficha macho. "Mimi ndiye nilimwambia koplo akuulize. Chakula ilikuwa inatoka nyumba yangu. Wangechoma nani, wewe ama mimi?"

Nilimweleza amri ya koplo, kwamba asubuhi nitakula kizuizini, na jioni hapa.

"Basi kaa chini," alisema. Aliingia ndani akatoka na yai na bakuli la maharagwe yaliyomenywa, akaviweka mbele yangu. Nilikula. Nilitafuna polepole kama nilivyofundishwa, naye hakurudi kwenye ungo wake. Alisimama pale akilitazama koo langu, tonge baada ya tonge, mpaka bakuli likaisha.