Konokono Niliyempeleka kwa Mwalimu

Mwezi uliopita binti yangu alinipeleka jumba la makumbusho. Nilikuwa natembea vizuri tu mpaka tulipofika kwenye kabati la konokono. Ndani ya chupa ya spiriti alikuwamo mmoja mwembamba, rangi imemtoka, na kikaratasi kikisema huyu hula konokono wenzake. Miguu ikakataa kutulia. "Mama, vipi?" Nikamwambia twende nje, nitamweleza. Sikumweleza. Acha nikueleze wewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, nipo darasa la tano, naishi na bibi yangu huko Ushirombo. Mvua zilikuwa zinaishia, viazi vitamu vimevunwa. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kulinda michembe, vile vipande vya viazi tulivyoanika juani, mbuzi wa jirani wasivile. Ndicho chakula tulichotegemea miezi ya njaa.

Mwalimu wa sayansi alikuwa ametuagiza kila mmoja alete mdudu wa kuwekwa kwenye kabati la shule. Wangu nilimpata bondeni, chini ya majani yaliyooza, kichwa kimezama ndani ya gamba la konokono mwingine. Nilidhani wanacheza. Kumbe anamla!

Nilimfuga kwenye kopo la majani ya chai, namtafutia konokono wadogo. Tangu hapo sikutulia. Kanisani nawaza kopo, darasani nawaza kopo. Jioni moja nililala kifudifudi nikimtazama anavyonyoosha shingo kumfuata mwenzake, polepole, bila haraka yoyote. Nilipoinua kichwa, mbuzi walikuwa wamemaliza nusu ya michembe.

Bibi hakunipiga. Alipiga magoti akaokota vilivyobaki, kimoja kimoja, akivipuliza vumbi. Kisha akasema, "Huyo mpeleke kwa mwalimu wako, au mrudishe ulikomtoa. Hapa asilale."

Bonde lilikuwa karibu kuliko shule. Lakini nilitaka kusifiwa. Mwalimu alifurahi, akanisimamisha mbele ya darasa. "Mpigieni makofi!" Makofi yakilia, akamtumbukiza kwenye spiriti akiwa hai. Nilimwona anatoka kwenye gamba, ananyooka mwili mzima kama anayetafuta mlango, halafu basi. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikakimbia mpaka nyumbani.

Bibi alikuwa anachambua maharage. "Umemrudisha?"

"Nimempeleka shule, bibi."

"Sasa unalia nini?"

Nikachuchumaa karibu yake. Akanisogezea ungo, tukachambua wote.

Miezi ya njaa ilipofika tulikula mara moja kwa siku, na kila mara bibi alisema ameshiba kabla yangu. Nilimwamini. Ilinichukua miaka kuelewa.

Siku hizi bonde lote ni mahindi, hakuna hata kivuli. Palipokuwa na nyumba ya bibi pamejengwa nyumba ya bati ya watu wengine. Nikienda huko nazunguka tu, siketi. Safari iliyopita mama mwenye nyumba alitoka akanisalimia, akaniuliza kama nimepoteza kitu.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Napita tu."